Rangi ya Njia ya Shule

Viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupanda Mlima Griva huwashusha watu kileleni, mahali njia zinapoachana, na kwa majira mengi ya baridi mtu wa kwanza waliyemwona hapo alikuwa Lovro Kemperle. Alisimama na koleo lake, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, akawatazama wakitoka vitini. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kusawazisha theluji chini ya viti. Kazi aliyoifanya ilikuwa kumwambia kila mgeni ashukie wapi.

Hakuwauliza kama wanajua kuteleza kwenye theluji kwa zile mbao ndefu za kufunga miguuni. Alisema kila mtu anajua mpaka mlima uanze kuinama. Aliwatazama tu. Aliyekodolea macho ncha za mbao zake alirudishwa chini kwa kiti kilekile, akaanzie Malisho ya Ndama, kule bondeni nyuma ya mkahawa, penye kamba ya kuwavuta watoto. Aliyetazama mlima badala ya miguu yake, magoti yamelegea kidogo, alielekezwa Msumeno, penye bango jekundu. Aliyenyamaza akafunga upya buti zake bila haraka, huyo aliachiwa Mfereji, penye bango jeusi. Na wote waliobaki katikati, wenye kujua kidogo na kuogopa kidogo, akina baba wenye vitambi na akina mama waliojifunza utotoni wakasahau, Lovro aliwanyoshea koleo upande wa kulia, kwenye bango la buluu. Hiyo ndiyo Njia ya Shule.

Buluu ni ya wanaoanza kujiamini, nyekundu ya waliozoea, nyeusi ya wasio na wa kuwalilia. Ndivyo tunavyosema hapa Zagriva.

Jina la Njia ya Shule si la kupamba. Kabla barabara haijachimbwa, watoto wa nyumba za juu walikwenda shule kwa njia hiyo, mkoba mgongoni, mbao miguuni. Sote tulipita. Ukifika miaka sita kaka yako anakusukuma, na hakuna aliyekwambia kwamba ungeweza kukataa. Mama zetu waliishuka na ndoo ya maziwa, na aliyemwaga alisemwa mpaka Pasaka. Kwa hiyo viti vilipojengwa na mabango yakaletwa, hakuna aliyejiuliza njia ile ipewe rangi gani. Njia ya watoto ni nyepesi, basi. Lovro, kijana wakati huo, ndiye aliyepigilia misumari.

Kitanda cha kuburutia waliovunjika kilipita Njia ya Shule mara nyingi kuliko njia nyingine zote. Maelezo tulikuwa nayo. Wageni hawasikilizi. Wageni wanakunywa kabla ya saa sita. Wageni wametoka mjini na magoti ya karatasi.

Mkewe Lovro, Treza, alitoka Prekmurje, kule mashariki nchi ilikolala chali, ambako korongo hujenga viota juu ya nguzo za umeme na watu hukamua mafuta kutoka mbegu za maboga. Lovro alimpata huko alipokuwa askari. Alimleta Zagriva mwezi wa Novemba, na theluji ya kwanza ilipokaa alitaka kumfundisha kuteleza.

Malisho ya Ndama hayakumpitia akilini. Pale ni pa ndama na watoto wenye kamasi. Kumsimamisha pale mwanamke aliyemwoa juzi, mbele ya madirisha ya mkahawa, ingekuwa kumtangaza kwamba hajui. Kwa heshima yake, na kwa kumpenda, alimpeleka Njia ya Shule.

Treza alianguka, akainuka, akaanguka, akainuka. Alipofika kwenye msonobari uliopinda, mbao zilikwenda huku, goti likaenda kule. Lovro alimshusha akiwa amembeba mgongoni. Watoto waliokuwa wakienda shule waliwapita, na mmoja wao, mwenye adabu, akasema, "Habari za asubuhi, shangazi."

Goti lilipona. Mbao hakuzivaa tena. Zagriva ilimpa jina kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka: Treza wa Chini. Halikuwa jina la chuki. Sisi hatumchukii mtu, tunamwita tu. Yeye mwenyewe aliamini kwamba kaumbwa na woga, maana aliiona kwa macho yake njia iliyomshinda, na aliona walioishuka wana meno ya maziwa.

Jumapili ya mwisho ya Machi kijiji kizima huteremka Njia ya Shule pamoja. Watu huvaa makoti ya babu zao na mbao za zamani za mti mtupu, wazee kwa watoto, na bibi harusi wa mwaka huo hutangulia. Treza alikuwa akisubiri chini na sufuria kubwa ya chai iliyochanganywa na mvinyo mwekundu, karafuu na maganda ya chungwa. Chai yake ilikuwa nzuri. Kila mwaka Cene, anayeendesha mashine ya viti huku bondeni, alimtania vilevile.

"Shemeji, mwaka huu unashuka?"

"Nikishuka nani atakunywesha wewe?"

Watu walicheka, na Treza alicheka nao, akiwa ameshika upawa.

Agosti iliyotangulia msimu wa mwisho wa Lovro kazini, mama yake Treza alifariki kule Prekmurje. Nyumba ikabaki, na dada yake, Ilka, aliyekaa jirani, akawa anaitunza bustani. Treza alirudi kutoka mazishini, akakaa wiki chache, kisha siku moja akasema huku akimenya viazi.

"Ukistaafu Aprili, tuhamie kwa mama."

"Tukapumzike?"

"Tuhamie, Lovro."

Lovro alichukua kiazi, akakigeuza, akakirudisha. "Kule hata ukimwaga maji hayajui yaelekee wapi."

"Yanakaa. Maji kukaa si kosa."

"Hapa kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya."

"Sasa?"

"Kule hakuna anayenitazama kutoka juu."

Lovro alidhani anazungumzia mlima. Akasema mlima haumtazami mtu. Treza akamaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitia majini.

"Basi wewe kaa," alisema. "Mimi nitakwenda. Utakuwa unakuja kunisalimia."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomfanya Lovro akose usingizi siku zilizofuata. Mtu mwenye hasira unaweza kumsubiri ipoe.

Oktoba, kabla theluji haijaanguka, bima ya viti ilimleta mkaguzi. Tulitegemea mzee mwenye mkoba. Akaja binti mrefu aitwaye Neja, buti zake zina matope ya milima mingine, na kifaa kidogo cha kupimia mwinamo kimening'inia shingoni kama filimbi. Lovro ndiye aliyepewa kumtembeza. Msumeno ulipita. Mfereji ulipita, akausifia. Wakafika kichwani mwa Njia ya Shule, nyasi zimekauka na kulala, na Neja akasimama mbele ya bango.

"Hii ni buluu?"

"Buluu."

"Kwa nini?"

Lovro hakuwahi kuulizwa. "Watoto walikwenda shule hapa."

"Na walirudije?"

"Kwa miguu. Kupanda."

"Walifika saa ngapi?"

"Walifika," Lovro alisema.

Neja aliweka kifaa chini, akakisoma, akakipangusa kwa mkono wa koti, akakisoma tena. Akashuka hatua kadhaa, akapima, akashuka, akapima. Kisha akaketi kwenye nyasi na kisigino chake kimekita ardhini ili asiteleze.

"Baba, mmeshaua wangapi hapa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Hongereni."

"Ni nyekundu?" Lovro aliuliza. Aliona amejishusha vya kutosha.

"Nyeusi. Njia inachukua rangi ya mahali pake pagumu kuliko pote, na hapa ni pagumu kutoka tuliposimama mpaka kwenye ule msonobari. Baada ya hapo ni uwanja tu."

"Ule uliopinda?"

"Ule."

Lovro aliutazama mti. Kisha akauliza tena, taratibu, kama mtu anayehakikisha bei. "Mpaka kwenye msonobari."

"Mpaka kwenye msonobari, baba. Kuna nini pale?"

"Hakuna kitu," Lovro alisema.

Waliteremka. Katikati ya njia Neja akauliza wale wa katikati, waliokuwa wakipelekwa huku, sasa watapelekwa wapi, maana mlima usio na buluu huwapa watu mambo mawili tu, kubaki na watoto au kuvunjika. Lovro alifikiri, akamwongoza msituni mpaka kwenye Njia ya Magogo. Ni njia pana iliyozunguka mlima, iliyokatwa na wazee kwa ajili ya farasi waliokuwa wakivuta magogo. Haina mwinamo wa ghafla popote, kwa sababu farasi hakubali mzigo umsukume kutoka nyuma.

Neja alipima mara mbili, akacheka.

"Buluu yenu ndiyo hii. Imekaa hapa miaka yote."

"Hakuna anayeishuka. Inachosha."

"Inamchosha nani?"

Nyani haoni kundule, na sisi sote tulikuwa nyani wa mlima mmoja.

Habari zilifika mkahawani kabla yao. Wengine walikasirika, wakasema wageni wakiona bango jeusi watakwenda bonde la pili. Wengine walikaa wima zaidi kuliko kawaida. Cene alikuwa wa kundi hili.

"Kumbe nimeshuka nyeusi nikiwa na mafua," alisema. "Na mkoba. Na mkate mkononi."

Mwalimu Pavla, aliyetufundisha sote na sasa amestaafu, alikuwa akikoroga kahawa yake. "Na mimi niliwasimamisha pembeni mliochelewa," alisema. "Mbona hamkuniambia?"

"Tungejua wapi, mwalimu? Tulidhani ndivyo dunia ilivyo."

Watu walicheka. Cene, akiona meza imemkubali, akamgeukia Lovro. "Lakini shemeji ndiye katupiga bao sote. Sisi tulianza kwa kusukumwa. Yeye kafika kutoka kwenye maboga, siku ya kwanza, moja kwa moja nyeusi. Na nani kampeleka? Mume."

Meza ilicheka zaidi. Lovro aliweka glasi chini, akavaa kofia, akatoka. Glasi ilikuwa nusu imejaa. Hapa kwetu jambo hilo huonekana, na kicheko kilipungua chenyewe.

Siku ya pili aliingia jikoni na bango kwapani, limefungwa kwa gunia.

"Njoo unishikie ngazi."

"Mwite Cene."

"Cene anaongea."

Treza alimtazama, akavua aproni. Tangu goti lile hakuwa amepanda viti. Alikaa ameshikilia chuma kwa mikono miwili, na miguu yake ikaning'inia juu ya misonobari, juu ya paa la shule ya zamani, juu ya Njia ya Shule yenyewe, ambayo kutoka hewani ilionekana kama kitambaa kilichoanikwa.

Juu, Lovro aliegemeza ngazi kwenye nguzo, akapanda, akafungua skrubu za bango la buluu. Chini yake mti ulikuwa mweupe, haujawahi kuona jua. Akateremsha bango, akampa Treza alishike, akachomoa lile jingine kwenye gunia.

"Hilo umekosea," Treza alisema. "Hilo ni la Mfereji."

"Sijakosea."

"Ni jeusi, Lovro."

"Najua."

Alifunga skrubu ya kwanza, kisha ya pili. Treza aliegemeza la buluu kwenye goti lake, lile goti, akainua kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu mlima uwepo."

Upepo ulikuwa mdogo. Treza aliondoka kwenye ngazi, jambo ambalo mshika ngazi hapaswi kulifanya, akaenda mpaka ukingoni, akaangalia chini. Lovro alibaki juu na bisibisi mkononi, akijishikilia kwenye nguzo.

"Mpaka wapi?" Treza aliuliza, bila kugeuka.

"Mpaka kwenye msonobari."

"Msonobari wangu?"

"Wako."

"Basi nilikuwa nimekaribia kumaliza."

"Ulikuwa umemaliza," Lovro alisema. "Baada ya hapo ni uwanja."

Treza alirudi, akashika ngazi. Lovro aliteremka pole pole. Walipokuwa wamesimama uso kwa uso, Treza akauliza, na sauti yake haikupanda wala kushuka, "Kwa nini hukunipeleka kwa ndama?"

"Wangekucheka."

"Walinicheka."

Lovro akaitoa ngazi kwenye nguzo. Treza akamkabidhi bango la buluu.

"Hili linakwenda wapi?"

"Njia ya Magogo."

"Twende, kabla mvua haijaja."

Kuhusu Prekmurje hawakuzungumza, wala siku ile wala Krismasi. Ilka alipiga simu mara mbili, Treza akamjibu habari za kuku na za hali ya hewa. Masanduku aliyoyashusha darini mwezi wa Septemba yalibaki ukumbini, moja limefunguliwa, moja limefungwa.

Januari, asubuhi ya siku ya kazi, Treza alionekana Malisho ya Ndama na mbao za kuazima. Madirisha ya mkahawa yalijaa nyuso kwa muda, kisha watu wakaona aibu na kurudi kwenye kahawa. Alikuwa amezungukwa na watoto wa chekechea waliomfika kiunoni, waliokuwa wakianguka na kucheka, na yeye akaanguka kando yao bila kucheka, akainuka kwa utaratibu, akashika kamba. Cene alitoka kwenye kibanda chake.

"Shemeji, umepotea? Huku ni kwa wachanga."

"Cene, wewe ulifundishwa hapa?"

"Mimi? Hapa? Kamwe."

"Ndiyo maana mpaka leo hujui kusimama ukitoka mkahawani."

Watoto hawakuelewa lakini walicheka, kwa sababu Cene aligeuka mwekundu. Alirudi kibandani, akapunguza mwendo wa kamba, na akauacha hivyo kila Treza alipokuja.

Alikuja mara nyingi. Sisi tuliomtazama hatukuona siku alipoacha kuangalia ncha za mbao zake. Lovro ndiye aliyeona, mwezi wa Februari, Treza aliposhuka kwenye kiti kule juu na watu wengine, akasogea pembeni ili asiwazuie, akasimama. Lovro alimtazama kama alivyomtazama kila mtu. Macho yake yalikuwa mbele. Magoti yalikuwa magumu kidogo, la kulia zaidi. Lovro akainua koleo, akalielekeza msituni, kwenye bango la buluu.

"Asante, bwana," Treza alisema, akaenda.

Aliyekuwa nyuma yake, mgeni mwenye kitambi, alimuuliza Lovro kama njia ile ni nzuri. Lovro alikohoa, akasema ni ndefu.

Jumapili ya mwisho ya Machi ikafika. Theluji ilikuwa nzito, ya majimaji, na jua lilichoma masikio. Tulikusanyika juu na makoti ya babu zetu, na watoto walipanga foleni kupigwa picha chini ya bango jeusi, vifua mbele, kana kwamba wao ndio waliouinamisha mlima. Kijiji kiliteremka Njia ya Shule kama kila mwaka, bibi harusi mbele, wazee nyuma, Mwalimu Pavla akiimba. Treza hakuwa nasi. Chini, kwenye sufuria, hakuwepo pia. Alikuwa amempa Cene upawa na karafuu na kumwambia asiache ichemke, na Cene aliiacha ikachemka.

Tulisimama na vikombe vichungu mikononi. Lovro aliwasili, akavua mbao, hakuchukua kikombe. Alisimama akitazama upande wa msitu, pale Njia ya Magogo inapotokea nyuma ya ghala la nyasi. Watu waliona anakotazama, na mmoja mmoja nao wakaanza kutazama huko, huku wakizungumza mambo mengine.

Treza alitokea baada ya muda mrefu. Alikuja polepole, kwa mikunjo mipana, akitumia njia yote kutoka ukingo mpaka ukingo, amevaa koti la mama yake Lovro lenye vifungo vya pembe. Karibu na ghala aliyumba, mkono mmoja ukaenda juu, akajirudisha. Akaja mpaka tulipokuwa, akasimama. Zagriva hatupigi makofi.

"Umechelewa," Mwalimu Pavla alisema.

"Njia yangu ndefu, mwalimu."

Alipewa kikombe, akaonja, akakiweka chini. "Nani kapika hii?"

Sote tulimwangalia Cene.

Lovro alistaafu Aprili. Wiki ya mwisho ya mwezi huo, theluji imebaki kwenye vivuli tu, alikuwa mlangoni akitoka kukusanya mabango ya msimu, na akasikia Treza akizungumza kwenye simu. Ilka alitaka kujua upande gani wa bustani auache kwa ajili yao.

"Panda maboga bustani nzima," Treza alisema. "Ndiyo, na upande wa kisimani. Mwaka huu usituachie, panda kote."

Alikata simu. Lovro aliweka mabango chini, la jeusi juu ya la buluu.

"Na mwaka ujao?" aliuliza.

"Vua hizo buti nje," Treza alisema. "Unaniloweshea sakafu."